JAMANI, MSINUNUE HIYO DARUBINI!

Najua nimepotea, diary imeota nyasi kabisa... Tangu nirudi chuoni kutoka BTP kule Mshangano mambo yamenizidi kimo. Ripoti ya field, asaimenti za kikundi ambazo kikundi ni mimi peke yangu, foleni ya maji hosteli, mradi vurugu tupu. Hata leo nina testi kesho kutwa. Lakini kuna jambo nikilinyamazia nitajilaumu, kwa hiyo desa nimeliweka pembeni kwanza.

Ishu yenyewe ni hii. Sisi wa fizikia mwaka wa pili tuko 20, na tumekubaliana kuchanga 15,000 kila mmoja. Jumla laki tatu. Tunataka kununua darubini ya klabu, tupige picha za mwezi na nyota, tuzibandike ukutani, halafu kipindi cha BTP darubini iwe inazunguka kwa zamu kwenye shule tutakazopangiwa. Wazo zuri sana, na mimi nilikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Kasheshe limeanza jana, kiongozi wetu wa darasa alipotuma picha ya boksi la hiyo darubini. Juu ya boksi kuna Zohali na pete zake, kuna mawingu ya nyota ya rangi ya pinki na bluu, na katikati maandishi mekundu makubwa kama bango la uchaguzi: 525X. Watu wakashangilia. "Inakuza mara mia tano ishirini na tano, si mchezo!" Hela inatumwa Ijumaa.

Jamani. Hiyo darubini mimi ninayo. Iko chini ya kitanda changu hivi ninavyoandika, imelala pamoja na ndoo na begi la nguo za baridi. Siku zote sijawaambia kwa sababu ya aibu. Leo aibu naiweka kando, maana safari hii sitaliwa mimi peke yangu, tutaliwa watu 20.

Niliinunua mwaka wa kwanza kwa pesa ya boom, kwenye duka moja Dar, shilingi 240,000. Msiniulize nilikula nini miezi miwili iliyofuata (maharage, na maharage). Muuzaji hakunidanganya kwa neno hata moja, alinionyesha boksi tu, na boksi likamaliza kazi. Nikasafiri nayo kwenye basi hadi Songea nimeipakata kama mtoto mchanga, huku najiona mimi ndiye Galileo wa Mshangano.

Tarehe 7 Septemba 2025, siku ya Jumapili, mwezi ulipatwa mzima mzima na Afrika Mashariki yote tuliweza kuuona. Bahati iliyoje: BTP ilikuwa inaishia, kiangazi cha Songea mbingu nyeupe bila wingu, moshi wa kuchoma mashamba kidogo tu upande wa chini. Kivuli cha dunia kilianza kuula mwezi saa 1:27 usiku, ukafunikwa wote saa 2:30, ukakaa hivyo mpaka saa 3:52. Dakika 82! Ni kama mbingu yenyewe imekuandalia kipindi mara mbili mfululizo na hakuna kengele.

Nikatangaza mtaa mzima. Uwanja wa nyumbani kwa shangazi ukajaa: wanafunzi wangu, wadogo zao, wamama wamejifunga vitenge viwili viwili kwa baridi, bodaboda wawili waliozima pikipiki kabisa. Mwenye duka wa ng'ambo akakubali kuzima taa ya nje. Mimi katikati, darubini imesimama kwenye miguu yake mitatu myembamba. Shangazi akanambia taratibu, "Mwanangu, hiki kitu hakitaanguka?" Nikamwambia shangazi, hii ni sayansi.

Basi bwana. Nikaweka ile lenzi ya jicho yenye nguvu kubwa, maana si ndiyo niliyoilipia? Kutafuta mwezi tu dakika kumi zikaisha. Mwezi! Kitu ambacho mtoto wa miaka miwili anakionyesha kwa kidole! Nikiupata, upepo kidogo tu unatikisa miguu na mwezi unacheza kama uji kwenye sufuria. Ukitulia, umeshatoka. Mtoto akisogeza jicho anagusa bomba, tunaanza upya. Nikashusha nguvu, nikaweka lenzi ndogo, afadhali kidogo, lakini saa 2:30 ilikuwa imefika, mwezi umekuwa hafifu wa rangi nyekundu, na simu yangu niliyoibandika kwenye lenzi kwa mpira ikawa inatoa picha za ukungu tu. Kuna kaka mmoja jirani ana studio ndogo, anapiga pasipoti, harusi na vipaimara. Akaleta kamera yake tuifunge kwenye bomba. Haikukubali kufokasi, hata tulivyozungusha vipi. Na uzito wake ukainamisha kile kishikio cha plastiki hadi bomba likatazama paa la jirani.

Hapo ndipo binti mmoja wa darasa la tano, alikuwa amepanga mstari muda mrefu kwa adabu zote, akachungulia, akainuka, akanitazama mimi, akautazama mwezi, akaniuliza: "Madam, mbona kwa macho unaonekana vizuri zaidi?"

Wadau, sikuwa na jibu. Watu wakacheka, na mimi nikacheka kinafiki.

Kilichookoa usiku ule ni yule kaka wa studio. Alirudisha kwenye kamera yake ile lenzi ndefu anayopigia mpira na harusi, ya milimita 300. Kamera yenyewe ni kuukuu, Canon 1100D, pembeni imechubuka. Akaiweka juu ya ukuta wa tofali, chini yake kamfuko ka mahindi kama kilo mbili ili itulie na aweze kuielekeza. Akaweka taima ya sekunde mbili ili kidole chake kisiitikise. Kachaa! Tukasogea kuangalia kwenye kioo cha nyuma: mwezi mviringo, mwekundu kama udongo wa tofali, na madoa yake yanaonekana. Uwanja mzima ukapiga kelele.

Yule binti akauliza tena: "Kwa nini mwekundu?" Na hapo ndipo kipindi changu kilipoanza hasa. Nikawaeleza kwamba dunia imeingia katikati ya jua na mwezi, lakini hewa yetu inapindisha mwanga kidogo ukapita pembeni. Ule wa bluu unatawanyika njiani, mwekundu ndio unaofika. Yaani ule wekundu ni wa machweo na mapambazuko yote ya dunia kwa wakati mmoja. Baadaye kaka akarudi nyuma kwenye picha alizopiga kabla ya saa 2:30, mwezi ukiwa umeliwa nusu, na mzee mmoja akaona mwenyewe kwamba ukingo wa kivuli ni duara. Dunia ni mviringo, ushahidi huo hapo, umepigwa kutoka juu ya ukuta wa Mshangano. Darubini yangu ilikuwa imeshaegeshwa kwenye mwembe.

Sasa mtasema huyu ana hasira zake tu, aliboronga mwenyewe. Sawa, hebu tufanye hesabu, sisi si ndio watu wa fizikia?

Darubini hii kioo chake kina upana wa milimita 76 na urefu wa fokasi milimita 700. Ukuzaji ni urefu wa fokasi wa bomba gawanya kwa wa lenzi ya jicho. Kwenye boksi kuna lenzi ya milimita 20: 700 gawanya 20 ni mara 35. Kuna ya milimita 4: mara 175. Halafu kuna kile kijibomba cha kuzidisha mara tatu: 175 mara 3... mmeiona? 525! Hiyo namba iliyowapandisha mori ni hesabu ya darasa la nne, wamezidisha vitu viwili vibovu. Haina uhusiano wowote na unachokiona.

Kinachoamua unachokiona ni upana wa kioo, maana ndio unaokusanya mwanga na ndio unaotenganisha vitu vidogo vidogo. Kanuni ya wapenzi wa nyota ni kwamba ukuzaji wenye manufaa ni kama mara mbili ya upana kwa milimita, na hapo hewa iwe imetulia. 76 mara 2 ni 152. Kwa hiyo hata ile lenzi ya milimita 4 peke yake imeshapita mpaka. Zaidi ya hapo unakuza ukungu. Ni sawa na kuchukua picha ndogo ya pasipoti ukaitengenezea bango la barabarani. Galileo mnayemtaja kila siku, Januari 1610 aliona miezi minne ya Mshtarii kwa darubini ya kukuza kama mara 20. Ishirini, wadau!

Twende kwenye picha sasa, maana lengo letu sisi ni kupiga picha. Dunia inazunguka, anga linahama digrii 15 kwa saa. Mwezi unahama upana wake wenyewe kwa kama dakika mbili. Kwa mara 175 kipande cha anga unachokiona ni kidogo kuliko mwezi mzima, na nyota inakikatiza kwa kama dakika moja hivi. Kwa mara 525 ni kama sekunde 20. Ndiyo maana watoto wangu walikuwa wanachungulia giza.

Wapiga picha wana kanuni rahisi ya kukadiria: 500 gawanya kwa urefu wa lenzi (kwa kamera ya kawaida kama ya yule kaka zidisha kwanza urefu huo kwa 1.6) unapata sekunde unazoweza kuacha kamera wazi kabla nyota hazijawa mistari. Lenzi ya milimita 18 inayokuja na kamera inakupa kama sekunde 17. Lenzi ya "milimita 700", yaani darubini yetu, inakupa chini ya nusu sekunde. Nusu sekunde! Yale mawingu ya pinki kwenye boksi yanahitaji dakika na masaa ya mwanga, na nyingi za picha za namna ile zinatoka kwenye mashine kama Hubble, yenye kioo cha mita 2.4 na iliyoko nje ya hewa yetu tangu 1990. Kuweka picha hizo kwenye boksi la kioo cha milimita 76 ni kama kuuza baiskeli kwenye boksi lenye picha ya ndege.

"Tutafunga mota ya kufuata nyota." Nimelisikia hilo pia, na nawajibu kwa habari ya nyumbani. Mota hizo zinataka mhimili wake uelekezwe kwenye ncha ya anga. Video zote mnazotazama zinasema tafuta Nyota ya Kaskazini. Songea iko kama digrii 10.7 kusini mwa ikweta. Nyota ya Kaskazini kwetu iko CHINI ya upeo, hata upande juu ya mwembe huioni. Ncha yetu ni ya kusini, nayo iko digrii 10.7 tu juu ya ardhi, nyuma ya migomba ya jirani, na hapo hakuna nyota angavu ya kukuongoza. Kuna vichwa vya stendi ambavyo haviwezi hata kushuka hadi digrii 10, vimetengenezwa kwa watu wa Ulaya na Marekani. Inawezekana kufanya, watu wanafanya, lakini si kazi ya kuanzia na si kwa stendi inayotikiswa na upepo wa Songea. Kwa hiyo kabla hujalipia mota muulize muuzaji swali moja tu: inashuka hadi digrii ngapi? Akikodoa macho, aga kwa heshima uondoke.

Najua mtakayosema, maana jana kwenye kundi mlishaanza. Acheni niyajibu.

La kwanza: "Bora hiyo kuliko kukosa kabisa." Hapana. Sikubali. Mwaka 2016, tarehe 1 Septemba, jua lilipatwa na kubaki pete kusini mwa Tanzania. Watu walifurika Rujewa kule Mbarali kuliona. Mimi nilikuwa darasa la tano hapo hapo Mshangano, ambako hatukuwa kwenye mstari wenyewe lakini jua lilibaki kipande kama hilali. Hatukuwa na kifaa chochote shuleni. Mwalimu wetu alitusimamisha chini ya mwembe, migongo tumelipa jua, akatuonyesha ardhini: kila tundu kati ya majani lilikuwa limechora hilali. Mamia ya majua madogo yaliyoliwa, kwenye vumbi, kwenye mashati yetu meupe. Gharama yake shilingi sifuri. Mimi niko darasa la fizikia leo kwa sababu ya siku ile. Kwa hiyo usiniambie bora kitu kibovu kuliko kukosa. Kukosa kabisa kulinipa mimi hilali mia. Kitu kibovu kimempa yule binti swali ambalo Madam wake hakuweza kulijibu.

Na hapa ndipo roho inaponiuma. Sisi tunasomea ualimu. Mtu mzima akinunua darubini mbovu anapoteza hela, basi. Mtoto akichungulia mara ya kwanza akaona ukungu, hasemi "kifaa kibovu". Anasema "mimi sioni", au anasema mambo haya ni ya wazungu kwenye video. Hiyo hasara hairudishwi na risiti.

La pili: "Kamera itaishia kwenye graduesheni na harusi." Heee, iende! Jumamosi ipige graduesheni, ituingizie hela, usiku ipige anga. Darubini ya 525X mchana inafanya nini? Yangu inashikilia ndoo isitingishike.

La tatu, na hili limesemwa kwa sauti ya chini: "Lakini darubini inaonekana." Yaani tukiisimamisha mbele ya wakuu itapendeza, itapigwa picha, tutasifiwa. Hili ndilo ninaloogopa kuliko yote. Tukinunua kifaa ili kipigwe picha badala ya kupiga picha, sisi na lile boksi tuna tofauti gani?

Haya, tununue nini? Nisiwe mtu wa kubomoa tu.

Yule kaka wa studio ana mwili mwingine wa kamera kama ule, alinitajia laki mbili na nusu pamoja na lenzi yake ya milimita 18 hadi 55, betri na chaja. Ongeza stendi ya miguu mitatu iliyo nzito kidogo, tenga 40,000. Inabaki 10,000 ya kadi ya kumbukumbu. Laki tatu ile ile. Lenzi ndefu ya mwezi tutaazima kwanza, baadaye graduesheni zitainunua.

Na kwa lenzi hiyo fupi tutapiga nini? Tutapiga kitu ambacho watu wa Ulaya wanapanda ndege kuja kukifuata. Kuanzia Juni mpaka Septemba, kati ya kiangazi, kitovu cha Njia ya Maziwa kinapita karibu na utosi wetu. Kwao kinatambaa kwenye upeo juu ya taa za miji. Sisi tunacho juu ya bati la jikoni. Tuna Msalaba wa Kusini. Tuna Mawingu ya Magellan, galaksi mbili nzima zinazoonekana kwa macho, ambazo mtu wa London hazioni maisha yake yote akiwa kwao. Na Kilimia, ambacho wazee walikitazama kujua majira ya kulima, kinatoshea vizuri kwenye lenzi ya kawaida. Sogea tu mbali na taa, na umeme ukikatika usilalamike, shukuru!

Namna yake: kamera kwenye stendi, fokasi kwa mkono kwenye nyota angavu, lenzi imefunguka yote, sekunde 15, taima ya sekunde mbili. Piga picha 40 za sehemu ile ile. Halafu kwenye kompyuta kuna programu za bure, DeepSkyStacker, Siril, Sequator, zinazipanga picha hizo moja juu ya nyingine, chengachenga zinapungua na nyota zinajitokeza. Huo nao ni somo zima la takwimu! Stellarium nayo ni bure, itakuonyesha nini kiko wapi kabla hujatoka nje na baridi.

Tukishayajua hayo, tukapata hela nyingine, ndipo tuongee darubini. Na hapo tutafute kioo kipana kadiri tunavyoweza, tuseme milimita 130, kwenye kiti cha boksi la mbao kinachokaa mezani, kile cha mtindo wa John Dobson. Huyu bwana alikuwa mtawa zamani, akawa anawaonyesha wapita njia nyota kando ya barabara San Francisco kwa vioo alivyosugua mwenyewe na mbao za kuokoteza. Boksi lile fundi seremala yeyote Songea analimaliza siku mbili. Halitapiga mawingu ya pinki, lakini mwezi na sayari kwa simu litatoa, na halitatikisika.

Na si kwamba napinga darubini, msije mkanilisha maneno. Kenya kuna Susan Murabana na wenzake wa The Travelling Telescope, wanabeba darubini kubwa ya maana kutoka shule hadi shule, watoto wanachungulia kweli. Hapa kwetu Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria amehangaika miaka na miaka kuwaelezea Watanzania mambo ya anga. Kazi kama hizo zinastahili vifaa vinavyofanya kazi. Darubini moja nzuri yenye mtu anayeijua inashinda maboksi 50 ya 525X.

Kwa ambao mmeshanunua kama mimi, msitupe. Nimeizoea sasa kidogo. Wekeni lenzi ya milimita 20 na muisahau ile ya 4 pamoja na kijibomba cha kuzidisha. Fupisheni miguu ya stendi mpaka mwisho, kaeni kwenye kigoda, ninginizeni mfuko wa mchanga katikati ya miguu. Msiangalie mwezi mpevu, angalieni ule wa nusu, pale kwenye mpaka wa giza na mwanga: mashimo yanaonekana vizuri, nakiri mwenyewe. Ila kama boksi lina kile kikioo cheusi kidogo cha kuangalia jua, kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho, KITUPENI LEO. Joto la jua linakusanyika pale pale, kinaweza kupasuka ghafla, na jicho halina spea.

Basi, nimesema. Kiongozi wetu wa darasa, nakuheshimu na najua umehangaika kukusanya hizo hela, hukuwa na nia mbaya, hata mimi boksi lilinishinda. Naomba jambo moja tu: Alhamisi jioni tukutane kwenye vimbweta. Nitakuja na darubini yangu, mtu yeyote aiweke mara 525 na anionyeshe mwezi kwa dakika moja bila kutetemeka. Akiweza, natoa 15,000 yangu na ya mwingine, tununue Ijumaa. Asipoweza, nampigia kaka wa studio pale pale.

Tarehe 31 Desemba 2028 mwezi utapatwa mzima tena, jioni ya mkesha wa mwaka mpya, na Tanzania tutauona kama mvua za Desemba zitaturuhusu. Wakati huo wengi wetu tutakuwa walimu, mmoja Tunduru, mwingine Kigoma, mwingine hatujui. Yule binti wa Mshangano atakuwa sekondari. Mimi nataka akiniuliza tena swali, liwe lile la pili.

Naomba kuwakilisha. Kuhusu ile testi, niombeeni jamani... Tupo pamoja!